Siti binti Saad, Mwimbaji wa Ng'ambo

Zamani mji wa Unguja ulikuwa kama miji miwili iliyotengwa na hori ya maji ya chumvi. Upande wa magharibi palikuwa na Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, jumba la Sultani, maduka ya Wahindi na afisi za Serikali. Upande wa pili, penye vibanda vya udongo vilivyoezekwa makuti, walikaa wachukuzi, madobi, wapishi, mafundi na wachuuzi. Upande huo uliitwa Ng'ambo, na jina likashika hata baada ya hori kufukiwa. Habari za majumba ya mawe ziliandikwa vitabuni na wageni wengi. Habari za Ng'ambo hazikupata mwandishi namna hiyo. Zilikaa katika nyimbo, na aliyezifanya zijulikane pwani nzima alikuwa mwanamke asiyepata kusoma.

Alizaliwa kijiji cha Fumba, kusini ya mji, karibu na mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua; wote wawili walikuwa katika utumwa. Siku hizo mali ya kisiwa ilikuwa karafuu. Karafuu za kwanza zilipandwa Mtoni na Kizimbani, nazo zilipoenea kisiwani, waliozipalilia na kuzichuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Mtoto yule aliitwa Mtumwa, na jina kama hilo halikuhitaji maelezo. Utumwa ulipoondolewa kwa sheria katika mwaka 1897 yeye alikuwa amekwisha kuwa kijana; lakini sheria hiyo haikumpa shamba wala nyumba.

Mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, naye binti ndiye aliyevichukua kichwani mpaka mjini kuviuza. Safari ile ilikuwa ya maili nyingi, juani, na mtu aliyebeba vyungu hawezi kukimbia wala kujikwaa. Njiani aliimba. Alipoingia mitaani alinadi vyungu vyake kwa sauti iliyosikika mbali, hata watu wakatoka nje wajue ni nani anayepita. Hivyo ndivyo alivyojifunza kutoa sauti bila kuchoka. Hakuwa na mwalimu mwingine wakati huo ila njia ya Fumba.

Katika mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alionana na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa chama cha taarabu kiitwacho Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Bwana huyo alitambua sauti yake, akamfundisha uimbaji. Baadaye Siti (maana jina la Mtumwa lilikuwa limekwisha kuachwa) aliimba pamoja na wenzake waliojulikana sana: Subeit Ambar, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban. Taarabu ilikuwa imeletwa Unguja katika siku za Sultani Barghash, nayo iliimbwa kwa Kiarabu, kwa ajili ya wakubwa. Siti aliimba Kiarabu pia, na aliitwa kuimba mbele ya Sultani. Lakini sifa yake hasa ilitokana na Kiswahili, lugha ambayo mpishi na bwana wake waliisikia sawasawa.

Si watu wote waliofurahi. Walikuwapo waliotunga maneno ya kumdhihaki, kwamba aliingia mjini amevaa kaniki, vazi la watumwa, na kwamba hana sura, na kama si sauti yake angekufa njaa. Msomaji ambaye amepata kuchekwa kwa nguo zake atajua maneno hayo yalivyouma. Siti hakwenda kugombana na mtu. Alijibu kwa wimbo, akasema kwamba uzuri na ukoo si hoja, bali hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu lile lilipendeza watu kuliko dhihaka, na mpaka leo wako wanaolijua kwa moyo.

Jambo lililompa heshima katika Ng'ambo lilikuwa hili: aliimba mambo yaliyotokea. Jambo likitokea barabarani au barazani mwa hakimu, watu walingoja kulisikia kwa Siti. Wimbo mmoja ulieleza habari za mtu aliyetumia kazi yake ya serikali kuwadhulumu wasiojua kusoma, na furaha ya watu alipohukumiwa. Wimbo mwingine, uitwao Kijiti, ulikuwa wa huzuni. Mwanamke mmoja alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam, akiwa mgeni wa wenyeji wake. Alitoka usiku pamoja na wengine kwenda ngomani, na huko akauawa. Mtu aliyeitwa Kijiti alikimbilia bara, hakupata adhabu. Wanawake wawili waliokuwa pamoja na yule mgeni walikwenda barazani kutoa ushahidi. Ikaonekana kwamba wao ndio walionunua pombe, basi wakafungwa wao. Mashahidi wamo gerezani, mwuaji yu huru! Katika Ng'ambo hakuna aliyeweza kukata rufani kwa ajili ya jambo lile, lakini wimbo uliimbwa katika kila nyumba, na jina la Kijiti halikupata pa kujificha.

Katika mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, ili nyimbo zao zitiwe katika sahani za santuri. Yeye hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ambaye sauti yake ilihifadhiwa kwa njia hiyo. (Ndio mwaka uleule ambao watu wengi wa Ng'ambo walikataa kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja vya vibanda vyao, haikuwa Ng'ambo ya watu walionyamaza.) Sahani zile zilipofika ziliuzwa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na mahali pengi pa bara. Watu wasioona bahari maisha yao yote walisikia mambo ya mitaa ya Unguja, na wengi walipata Kiswahili chao kizuri humo.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, aliandika kitabu cha maisha yake, kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Baadaye wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walianzisha gazeti, wakaliita Sauti ya Siti.

Lakini nyimbo zenyewe hazikungoja vitabu. Katika Unguja aliishi mwimbaji mwingine, Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, ambaye alizipata nyimbo za Siti kwa kumsikiliza. Aliziimba Unguja na ng'ambo ya bahari, Ulaya na kwingineko, mpaka uzee wake mkubwa, naye alifariki mwaka 2013. Mojawapo ya hizo ilikuwa Kijiti. Watu waliokuwa hawajazaliwa wakati Siti alipozikwa walikaa kimya wakisikiliza habari za mgeni yule aliyetoka Dar es Salaam asirudi kwao.