Yohane Bosco, Mgeni wa Chieri

Mtakatifu Yohane Bosco alizaliwa Becchi, Italia, tarehe 16 Agosti 1815. Hakuwa ametimiza miaka miwili alipofiwa na baba. Alipofika miaka 14 alimpata Padre Calosso, mzee aliyemfundisha Kilatini na kumpenda kama mwanawe. Novemba 1830 padre huyo akafariki. Katika saa zake za mwisho alimpa Yohane ufunguo wa kasha la fedha, lakini kijana akaukabidhi kwa ndugu wa marehemu, akabaki na machozi tu.

Mwaka 1831 alianza shule mjini Chieri. Akiwa na miaka 16 aliketishwa pamoja na watoto wadogo. Hakukata tamaa, ndani ya mwaka mmoja alivuka madarasa kadhaa. Wenzake wakaanza kumjia awasaidie masomo, naye akawakusanya katika Chama cha Furaha. Masharti yake yalikuwa machache: kuishi Kikristo, kutimiza wajibu wa shule na dini, na kuwa mchangamfu.

Aliingia seminari mwaka 1835, akapadrishwa 1841, na vijana fukara wa Torino wakapata baba.

Ndugu msomaji, je, katika darasa au jumuiya yako ndogondogo yupo mgeni aliyetoka msibani? Anza wewe kumkaribisha.