Joseph Priestley na Hewa ya Kuvuta

Wakati wa likizo nilicheza mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji hupewa chombo cha angani na wanaanga watatu awapeleke mbali. Nilipima chakula, maji na oksijeni kwa uangalifu mkubwa. Siku ya tisa wote watatu wakafa. Nilipotazama mitungi ya oksijeni, nikakuta bado ina zaidi ya nusu! Nilikasirika, nikadhani mchezo ni mbovu. Mwalimu wetu wa kemia alipopata habari alicheka sana, akanituma nikasome maisha ya Joseph Priestley. Nami nawaletea niliyoyapata.

Priestley alizaliwa mwaka 1733 karibu na mji wa Leeds, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa nguo. Mama yake alikufa yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na shangazi yake. Alikuwa na kigugumizi, hata hivyo akachagua kazi ya kuhubiri, na ya kufundisha pia. Sayansi haikuwa kazi yake. Aliifanya kwa kuipenda tu.

Mwaka 1767 alikwenda Leeds kuwa mchungaji, akapata nyumba jirani na kiwanda cha bia. Aliona kuwa juu ya mapipa ya bia inayochacha pana hewa ya namna nyingine, ambayo huzima moto. Akaichanganya na maji, akapata maji ya soda. Soda tunazonunua dukani zilianzia hapo, ingawa utajiri wake waliupata wengine.

Lakini jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa hili. Mshumaa ukifunikwa kwa chupa huzimika, na panya akifunikwa hufa. Basi, ikiwa watu na wanyama wamevuta pumzi tangu kale, na mioto imewaka miaka yote hiyo, mbona hewa ya dunia haijaharibika yote? Hilo ndilo swali la kila mwenye chombo cha angani, ila chombo cha Priestley kilikuwa chupa iliyofudikizwa ndani ya maji.

Tarehe 17 Agosti 1771 alitia kijiti cha nanaa katika hewa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika. Alikuwa amedhani kwamba mmea nao ungekufa kama mnyama. Haukufa, bali ulistawi. Tarehe 27 mwezi ule ule, mshumaa uliwaka vizuri katika hewa ile. Kisha akaona kuwa hata panya aliweza kuishi katika hewa iliyotengenezwa na mmea. Majaribio mengine yalimshinda, wala hakujua sababu, mpaka mwaka 1779 Jan Ingenhousz alipoonyesha kwamba mmea hauifanyi kazi hiyo bila mwanga.

Tarehe 1 Agosti 1774 alikusanya mwali wa jua kwa kioo, akaunguza unga mwekundu wa zebaki, ikatoka hewa iliyowasha mshumaa kwa nguvu ya ajabu. Akamtia panya, ambaye katika hewa ya kawaida angedumu robo saa; akadumu nusu saa, na alipotolewa akapata uhai tena. Kisha Priestley akaivuta mwenyewe. Ilikuwa oksijeni, lakini jina hilo alilitoa Lavoisier wa Ufaransa. Hapa sina budi kusema kwamba mzee wetu alikuwa mkaidi: maelezo ya Lavoisier, yaliyokuwa sahihi, hakuyakubali mpaka kufa.

Alipata maadui kwa sababu ya dini na siasa. Mwaka 1791 kundi la watu wenye ghadhabu mjini Birmingham lilichoma nyumba yake pamoja na vyombo vyake vya sayansi. Mwaka 1794 akahamia Marekani, akafa huko mwaka 1804.

Sasa nirudi kwa wanaanga wangu. Mtu mmoja hutumia karibu kilo moja ya oksijeni kwa siku, na hutoa kaboni dayoksaidi ya kilo moja hivi. Mimi niliwapa oksijeni tu. Ile kaboni dayoksaidi sikuiondoa, nayo ikawaua. Hatari hiyo iliwapata watu kweli mwezi wa Aprili 1970, katika safari ya Apollo 13. Wanaanga watatu walikimbilia chombo kidogo kilichotengenezwa kwa watu wawili. Oksijeni iliwatosha, lakini makopo ya dawa ya kunasa kaboni dayoksaidi hayakutosha. Makopo ya chombo kikubwa yalikuwa ya mraba, hayakuingia kwenye matundu ya duara. Ikabidi wayaunge kwa mifuko ya plastiki, karatasi ngumu na utepe wa gundi, wakapona.

Nimeanza safari upya, na makopo nimepakia ya kutosha. Leo ni siku ya kumi na nne, na wote watatu ni wazima. Nanaa sikuwapa, kwa kuwa mchezo wenyewe hauna bustani.