Harry Brearley: Muosha chupa aliyekipa soko chuma kisichoshika kutu

Sufuria za stenlesi zinazouzwa sokoni Bariadi na mabomba yanayoshushwa katika visima vya gesi ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukoo huo unamrudia Harry Brearley, Mwingereza aliyeingia maabara kwa mara ya kwanza kama muosha chupa.

Brearley alizaliwa Februari 1871 mjini Sheffield, mji wa viwanda vya chuma na visu. Baba yake alikuwa myeyusha chuma katika kiwanda cha Thomas Firth, mwenye watoto tisa na kipato kidogo. Harry aliacha shule akiwa na miaka 12, akapata kibarua kiwandani humo. Kemia aliipata kwa kuwatazama wakubwa wake na kwa masomo ya jioni. Mwaka 1904 alikwenda kufanya kazi Riga, ambao leo ni mji mkuu wa Latvia. Mwaka 1908 alikabidhiwa maabara ya pamoja ya kampuni za Firth na John Brown.

Mwaka 1912 aliombwa kutafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika haraka kwa joto la baruti. Akajaribu kuongeza kromi. Agosti 1913 aliyeyusha chuma chenye kromi asilimia 12.8. Ili kuitazama chembe ya chuma kwa hadubini ni lazima kwanza kukisugua kwa asidi, lakini hiki kilikataa kuliwa. Siki na limao navyo vilishindwa. Kromi hushikana na hewa na kufanya utando mwembamba juu ya chuma, na ukikwaruzwa hujiziba wenyewe.

Wakubwa wake walifikiria bunduki. Yeye alifikiria visu, ambavyo enzi hizo vilitiwa madoa na tunda lolote. Wafua visu wa kwanza walitumia joto walilolizoea, visu vikaharibika, naye akachekwa kuwa amevumbua visu visivyokata. Ernest Stuart wa kiwanda cha Mosley ndiye aliyefanikiwa, na jina la chuma kisicho na doa lilitoka kwake.

Kisha ukaja ugomvi. Brearley na kampuni hawakuelewana juu ya nani mwenye haki ya uvumbuzi, naye akaondoka mwaka 1915. Kosa halikuwa la kemia, lilikuwa la makaratasi: mwajiriwa na mwajiri hawakuwa wamekubaliana mapema. Alipata hataza Marekani mwaka 1916, na mwaka uliofuata pande hizo mbili zikaunda kampuni ya ubia. Ni haki kusema pia kwamba Wajerumani wa Krupp walikuwa wamepata chuma chao cha kromi na nikeli mwaka 1912.

Brearley alipewa medali ya dhahabu ya Bessemer mwaka 1920, akafariki Julai 1948.

Chuma chenye kromi kama asilimia 13, karibu sana na mchanganyiko wake, hutumika leo katika visima vya gesi yenye maji na hewa ya ukaa, mahali ambapo chuma cha kawaida huliwa haraka. Lakini kutoshika kutu si kutopasuka. Kisima kikiwa na gesi inayonuka yai viza, bomba lililobeba mzigo mzito linaweza kupasuka ghafla bila dalili ya kutu kwa nje. Chumvi nayo, ikiwa na joto kali, hupasua hata chuma chenye nikeli asilimia 8, kile cha sufuria nyingi nzuri. Nikeli ikiongezwa sana, mpasuko hupungua, na bei hupanda. Ndiyo maana wahandisi hupima maji na gesi kwanza, kisha wakachagua bomba. Sufuria ya nyumbani haina hofu hiyo, kwani haibebi mzigo wa namna hiyo.

Nikeli hiyo imo pia Dutwa, wilayani Bariadi, ambako kampuni ya African Eagle ilichoronga mashimo ya utafiti miaka ya 2000.