Abu Bakr al-Razi: Tabibu Aliyeuliza Kabla ya Kutibu

Hapa kwetu Kisumu, mtoto akisema kichwa kinamwuma, aghalabu jawabu huwa tayari kabla ya swali: ana malaria. Dhana hiyo haikuzuka bure, kwani malaria imekaa kitako katika nchi hii ya Ziwa, tangu vijiji vya ufuoni mpaka majumba ya Milimani, na ndugu zetu wa Pwani nao waijua vyema. Lakini kichwa cha mtoto chauma kwa sababu nyingi, na dhana moja haiwezi kuzitosheleza zote. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya tabibu mmoja Mwislamu aliyefariki yapata miaka elfu na mia moja iliyopita, aliyemtazama kila mgonjwa peke yake wala hakutosheka na jina la maradhi. Huyo ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi.

Alizaliwa yapata mwaka 865 katika mji wa Rayy, karibu na ulipo Tehran leo. Ujanani alishughulika na muziki na alkimia. Utabibu aliuingia akiwa mtu mzima. Kuchelewa huko hakukumdhuru, kwani alipata kuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad. Yasimuliwa kwamba wanafunzi wake walikaa duara nyuma ya duara, na mgonjwa akija alianza kusikilizwa na wale wa nje. Wakishindwa, hupelekwa kwa wa ndani, na hao wakishindwa, al-Razi mwenyewe husema. Alisifika pia kwa ukarimu, akiwatibu mafakiri na kuwapa cha kujikimu.

Amenasibishiwa kitabu cha maradhi ya watoto, chenye sura 24, ambacho asili yake ya Kiarabu imepotea, kikabaki katika Kilatini na Kiebrania. Humo mna khabari za mtoto kuvimba kichwa, kukosa usingizi, kifafa, masikio, macho, meno na minyoo. Wengi wakihesabu kitabu hicho kuwa cha kwanza kuyatenga maradhi ya watoto na kuyafanya fani mbali. Na haki yake ni hiyo, kwani mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mkubwa hueleza yanayomsibu. Mchanga hulia tu, na anayemtibu hana budi ayasome macho yake, usingizi wake na namna anavyonyonya.

Kitabu chake juu ya ndui na surua ndicho kilichompa sifa kubwa zaidi katika nchi za Ulaya. Maradhi hayo mawili huanza kwa homa, na kichwa huwa kizito na chenye maumivu, hata watu wakayachanganya. Al-Razi alipeleleza alama moja moja, akaona kwamba maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, na kichefuchefu na dhiki ya nafsi huzidi katika surua. Kichwa kilikuwa kikiuma katika yote mawili. Kilichomwonesha njia ni yale yaliyofuatana na kichwa.

Katika daftari zake ameandika juu ya watu waliopatwa na maumivu ya kichwa na shingo kwa siku kadhaa, wakaukimbia mwanga, wakakosa usingizi. Alizihesabu alama hizo kuwa utangulizi wa uvimbe wa utando wa ubongo. Kundi moja akalitoa damu, jingine akaliacha kwa makusudi, ili ajue kama dawa ile yafaa kweli. Leo hapana tabibu atakayetibu maradhi hayo kwa kutoa damu. Lakini ile ada ya kuipima dawa kabla ya kuisifu ingali mhimili wa utabibu mpaka sasa. Hata Galen, imamu wa matabibu wa Kiyunani, hakusalimika naye, kwani aliandika kitabu kizima cha kueleza shaka zake juu yake.

Kisa kimoja chatuhusu zaidi. Alimjia mtu aitwaye Abdallah bin Sawada, mwenye homa za vipindi, mara kila siku, mara kwa kuruka siku, mfano wa homa tunazozijua sisi. Al-Razi alisema kwamba ama homa zile zitageuka kuwa za kila siku ya nne, ama mna kidonda katika figo. Haukupita muda, mgonjwa akatoa usaha katika mkojo. Al-Razi akaandika bila ya kujificha kwamba homa za zamani za mtu yule ndizo zilizomzuia kukata shauri mapema, na kwamba alighafilika kumwuliza kama husikia uzito kiunoni anaposimama. Swali moja lililosahauliwa!

Alipambana pia na walaghai. Aliwafichua waliochanja kisogo cha mwenye kifafa wakajifanya kutoa kitu, nacho wamekificha mkononi. Na wengine waliojeruhi pua ya mgonjwa kwa chuma, kisha wakatoa kijidudu walichokifinyanga kwa ini.

Katika falsafa wanavyuoni wengi walimpinga vikali, na sisi hatumfuati huko. Twachukua kwake utabibu. Mwisho wa umri wake alipofuka macho, akafariki Rayy yapata mwaka 925. Daftari zake zilikusanywa baada ya kufa kwake zikawa kitabu cha al-Hawi, kilichofasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kupigwa chapa Italia mwaka 1486.

Basi enyi wazazi, mtoto akilalamika kichwa, muulizeni kama alivyouliza al-Razi. Kimeanza lini? Chauma upande mmoja au chote? Je, amelala, amekula, amekunywa maji? Je, huumwa baada ya kusoma, huenda macho yake ni dhaifu? Je, mama yake ana kipandauso, maradhi ambayo hufuata nasaba? Akiwa na homa, apimwe damu siku ile ile kabla ya kumezeshwa vidonge vya malaria vya kubahatisha, maana mwenye malaria hucheleweshwa kwa dhana, na asiye nayo vilevile. Na akikakamaa shingo, akitapika mfululizo, akipata degedege au akilegea asiamke vyema, hapo msingoje maswali wala hirizi: mkimbizeni hospitali saa ile ile.

Mzazi aliyekaa na mtoto usiku kucha anajua mengi ambayo daktari hayajui. Ayaseme yote, na daktari naye ayasikilize.