Mwalimu na Motokaa ya Magavana

Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri. Nimemchagua Mwalimu Julius Nyerere, lakini mniruhusu nianzie kwenye motokaa.

Sisi tuliosoma Tanga miaka ya sitini tulipima ukubwa wa mtu kwa gari lake. Mkonge ulikuwa dhahabu; mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Mabwana wa mashamba waliteremka mjini kwa Jaguar na Humber zenye viti vya ngozi, nasi tuliacha mpira tukazitazama. Niliapa moyoni kwamba nikimaliza shule nitapata moja.

Miaka mingi baadaye niliingia Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, katika mtaa wenye jina la mwana wetu wa Tanga, Shaaban Robert. Humo imo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni, kisha ikamchukua Mwalimu. Nilisimama mbele yake kama mtoto.

Aliyeirithi alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa chifu, na shule aliianza Musoma akiwa na miaka 12. Akapita Tabora, Makerere na Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Mwaka 1954 TANU ilianzishwa naye akiwa kiongozi wake. Mwaka uliofuata aliacha ualimu na mshahara wake. Vijana, hapo simameni kidogo: alikuwa na familia, na chama kilikuwa maskini.

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na mwaka uliofuata akawa Rais. Gari la wakubwa sasa likawa la kwake. Wengi wetu tungelizoea. Yeye mwaka 1966 alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Februari 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Oktoba akatembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono.

Mwezi huohuo mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Sitawaficha, Tanga iliumia. Bei ilikuwa imekwisha kuanguka, kwani dunia ilihamia kamba za plastiki, na uendeshaji nao ukalegea. Shamba alilofanya kazi baba yangu, kwenye korona, liligeuka kichaka. Jaguar ziliondoka na wenyewe, wala sisi hatukupata baiskeli. Hata hivyo baba alimpenda Mwalimu mpaka kufa kwake, na mimi nilibishana naye sana juu ya jambo hilo.

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao.

Nilipokuwa natoka makumbusho, mlinzi aliniuliza kama nimewahi kupanda gari la namna ile. Nikamjibu kwamba nimekuja kwa basi la Tanga, na la kurudi linaondoka saa nane.