Walther Flemming na Nyuzi za Uhai

Ukipita First Avenue, Eastleigh, jijini Nairobi, macho hujaa rangi: madera, leso na mitandio imetundikwa tangu chini hata juu. Ni wachache wajuao kuwa rangi za viwandani, zilizobuniwa kwa ajili ya nguo, ndizo zilizofunua siri ya namna mwili unavyokua. Mmoja wa waliozitumia hivyo ni Mjerumani Walther Flemming.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1843 karibu na Schwerin, mwana wa tabibu wa maradhi ya akili. Naye akasomea utabibu, akatumika jeshini katika vita na Wafaransa vya 1870–71, kisha akafundisha Prague, na tangu 1876 Chuo Kikuu cha Kiel.

Huko alichukua ngozi ya watoto wa salamanda, mnyama wa jamii ya chura mwenye umbo la mjusi, akaitia rangi na kuitazama kwa hadubini. Ndani ya seli ziligawanyikazo akaona nyuzi. Kila uzi ulipasuka kwa urefu wake, nusu ikaenda huku na nusu kule, kama washirika wagawanao mali kwa mizani. Aliyaeleza hayo kitabuni mwaka 1882. Aliona pia kwamba uzi hubana mahali kama kiuno. Waliomfuata waliita uzi huo kromosomu, na kiuno chake sentromia.

Kiuno hicho ndicho kishikio. Hapo nusu mbili hushikana hadi zivutwe kila moja upande wake. Mvuto ukienda kombo wakati yai la mama au mbegu ya baba inapoumbika, mtoto huweza kupata kromosomu ya ziada. Mwaka 1959 ilidhihirika Ufaransa kuwa watoto wenye hali ya Down wana 47 badala ya 46.

Basi mzazi aliyejaaliwa mwana wa namna hiyo, awe Eastleigh au Mombasa, asimfiche ndani wala asimtuhumu jirani kwa uchawi. Na mume asimlaumu mkewe.

Flemming alifariki Kiel tarehe 4 Agosti 1905. Uhai wake aliwalisha wasio na makao, na watoto ambao umaskini uliwanyima shule akawafundisha hesabu na sayansi. Aliyeona fungu likigawanywa sawa ndani ya seli hakustahimili kuona mtoto akikosa lake duniani. Nasi tusistahimili.