VINCENT VAN GOGH: MCHORAJI ALIYEANZA NA KABICHI

Bila shaka umewahi kuwasikia watu wakisema kwamba mchoraji huzaliwa, hafunzwi. Mimi nusura niliache somo la sanaa nilipokuwa kidato cha pili kwa sababu ya maneno hayo hayo. Ndipo nikasoma habari za Vincent van Gogh. Hebu nikusimulie.

Vincent alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika kijiji cha Zundert, nchini Uholanzi. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alipofika miaka kumi na sita, yaani rika langu mimi, aliandikwa kazi katika kampuni ya kuuza picha mjini The Hague. Baadaye akapelekwa London, kisha Paris, lakini mwaka wa 1876 akafutwa. Basi akaanza kuhangaika. Akafundisha shule Uingereza, akauza vitabu, akajaribu kusomea uchungaji akashindwa, akaenda kuwahubiria wachimba makaa ya mawe huko Ubelgiji, na huko nako hawakumtaka tena. Mwaka wa 1880, akiwa na miaka ishirini na saba, hana kazi wala pesa, ndipo alipoamua kuwa mchoraji. Umri huo, huku kwetu, wenzake wangekuwa na watoto wawili!

Je, nani angemlisha? Alikuwa na mdogo wake, jina lake Theo, aliyekuwa akifanya kazi katika ile ile kampuni ya picha. Theo alimtumia pesa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na baadaye wakakubaliana kwamba picha zote ziwe mali ya Theo. Nyingi ya pesa hizo ziliishia kwenye rangi. Vincent mwenyewe alikula mkate na kahawa.

Rangi za mafuta si kama hizi za maji tunazotumia darasani. Ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani, ukatiwa katika mirija ya bati kama ile ya dawa ya meno. Ni ghali kwelikweli. Lakini zina wema mmoja: hazikauki upesi. Ukikosea unakwangua kwa kisu na kurudia.

Mwanzoni Vincent alichora kwa penseli, chaki na wino tu. Mwishoni mwa 1881 alimwendea Bwana Anton Mauve, mume wa binamu yake, aliyekuwa mchoraji mwenye sifa pale The Hague. Unadhani Bwana Mauve alimpa nini achore? Mfalme? Vita? La! Alimwekea vitu vya nyumbani mezani, na katika picha zake za kwanza kabisa za rangi za mafuta kuna moja ya kabichi na viatu vya mbao. Ipo mpaka leo, na ni ndogo hata ingeenea juu ya dawati langu. Baadaye wawili hao walikosana, kwa sababu Mauve alimtaka achore sanamu za plasta naye akakataa, akazivunja.

Agosti 1882 alibeba rangi zake mpaka ufuoni pa Scheveningen siku ya dhoruba. Upepo ukapeperusha mchanga ukaganda kwenye rangi mbichi. Akaikwangua picha yote, akarudia, ukaganda tena. Hakuenda nyumbani mpaka amemaliza.

Miaka ya 1883 hadi 1885 alikaa kijijini Nuenen kwa wazazi wake. Kabla ya kuchora ile picha yake ya wakulima wanaokula viazi, alichora vichwa vya wakulima zaidi ya arobaini, kimoja baada ya kingine. Alipoimaliza, rafiki yake aliyekuwa mchoraji akaikejeli. Vincent alikasirika mno, lakini hakuacha kazi. Vuli ya mwaka huo alirudi mezani: vikapu vya viazi, matofaa, viota vya ndege.

Picha zake za wakati huo zilikuwa na giza kama jiko la kuni. Alipohamia Paris kwa Theo mwaka wa 1886, aliona rangi za wenzake zinavyong'aa, akajua ana kazi. Hakuwa na pesa za kuwalipa watu wakae awachore, hivyo alichora maua. Jamaa waliomfahamu walimletea shada kila wiki, naye akajaribu nyekundu kando ya kijani, buluu kando ya rangi ya machungwa. Alikuwa pia na kisanduku cha nyuzi za sufu, akizisokota pamoja ili aone rangi zipi zinapatana kabla ya kuharibu rangi ya pesa. Turubai zikiisha alichora juu ya picha za zamani. Mwaka wa 2008 wataalamu walipiga eksirei picha yake ya nyasi, wakaona uso wa mwanamke mkulima chini yake!

Ndiyo maana sishangai zile picha za alizeti alizochora Arles, Agosti 1888. Mkono ulikuwa umezoea maua. Maradhi ya akili yalimpata mwaka huo huo, akakaa hospitalini, na huko pia akachora. Katika siku sabini hivi za mwisho, kijijini Auvers, alichora picha zipatazo sabini. Alijipiga risasi, akafariki tarehe 29 Julai 1890, akiwa na miaka thelathini na saba. Theo alimfuata miezi sita baadaye. Mjane wa Theo, Jo, ndiye aliyezitunza picha na kuzitangaza.

Ile ya ufuoni Scheveningen iliibiwa Amsterdam mwaka wa 2002, ikapatikana Italia mwaka wa 2016. Mchanga ungali ndani ya rangi.